Usingizi wa Mtu Aliyeacha Pombe

(Maneno yaliyosemwa katika mkutano wa wanachama hapa Ngoliba. Yameandikwa kwa ajili ya ndugu ambao hawakuweza kufika.)



Kamati imetupa nafasi ya kusema juu ya jambo moja tu, nalo ni usingizi. Wengine walipoona neno hilo ubaoni walicheka. Walisema mkutano wa wafanyakazi ni wa mishahara na saa za kazi, usingizi ni shauri la mtu na kitanda chake. Lakini sisi tunaosimama hapa ni wanachama tulioacha pombe. Baadhi yetu tumeiacha miaka mingi, na mmoja hajatimiza miezi miwili. Twajua kwamba wenzetu wengi waliorudi kwenye chang'aa hawakurudishwa na kiu. Walirudishwa na usiku.

Mambo huwa hivi. Mtu huacha Jumamosi kwa moyo wake wote. Jumatatu aja kazini, watu wamsifu. Usiku alala chali akisikiliza mabati yakilia kwa baridi, na kwa mbali malori yaendayo Garissa. Saa nane ya usiku macho yake makavu. Saa kumi na moja hapana budi aamke, akakate mananasi katika jua hili mnalolijua. Usiku wa pili ni vile vile, na wa tatu. Usiku wa sita rafiki amwambia, "Kunywa kikombe kimoja tu, ndugu yangu, upate kulala." Anakunywa, analala. Asubuhi anaamini kwamba mwili wake hauwezi kukaa bila pombe. Hapo ndipo sisi sote tulipodanganyika, wengine mara tatu au nne.

Pombe humlaza mtu upesi, hatukatai. Lakini mwili ukiisha kuichoma, nusu ya pili ya usiku huharibika: jasho, mkojo, moyo kwenda mbio, kuamka kabla ya jogoo. Ni kama kukopa sukari katika duka la shambani; leo waona umepata, mwisho wa mwezi huna mshahara. Tena ubongo wa mtu anywaye kila siku huzoea kulazwa kwa nguvu, nao hujikaza upande wa pili ili usizimike kabisa. Fikirini watu wawili wakisukuma mlango mmoja, huyu yu nje na yule yu ndani. Wa nje akiondoka ghafula, wa ndani hutoka mbio na kuanguka kifudifudi. Ndivyo ubongo ulivyo pombe ikiondolewa: bado wasukuma, wala hakuna anayeuzuia. Kwa hiyo kukosa usingizi siyo dalili kwamba umefanya vibaya kuacha. Ni ubongo unaotafuta kusimama wima tena.

Watu hutuuliza itachukua muda gani. Kwa wengi huanza kupungua baada ya majuma machache. Wako ambao huendelea kwa miezi. Hatutaki kumdanganya mtu kwa kumwambia siku tatu, kisha siku ya nne akadhani yeye peke yake ndiye aliyelaaniwa.

Kuna na ndoto. Pombe huzibana ndoto. Mtu akiacha, zote humrudia kwa fujo. Mwenzetu mmoja aliota amelewa kabisa, akaamka akinusa mikono yake, akalia mbele ya mkewe akidhani amevunja ahadi. Hakuwa amevunja kitu chochote.

Sasa sikilizeni sana, maana hapa si habari ya usingizi tena. Mtu aliyekuwa akinywa sana kila siku asiache ghafula peke yake chumbani. Kutetemeka huweza kuanza saa chache baada ya kikombe cha mwisho. Kifafa huweza kuja katika siku mbili za kwanza. Kuanzia siku ya pili hata ya nne wengine huchanganyikiwa, huwaka homa, huona wadudu ukutani ambao hawapo. Majirani husema amerogwa. Hakurogwa. Ni ugonjwa unaoua, nao una matibabu. Mpakieni kwenye gari au pikipiki, mtu mmoja amshike nyuma, mumpeleke hospitali kuu ya Thika usiku ule ule, msingoje mapambazuko. Mwambieni daktari kweli yote: alikuwa akinywa nini, kiasi gani, na aliacha lini. Asiyeanza bado na amwone daktari kwanza, apewe dawa za siku hizo chache, na vitamini B1 ambayo wanywaji wengi wamepungukiwa.

Lakini vidonge vya usingizi vya kununua kwa siri, hapana. Vingine humtawala mtu kama pombe yenyewe, na vikikutana na pombe tumboni vyaweza kumzuia mtu kupumua.

Yaliyotusaidia sisi ni madogo, tena yachosha. Tuliamka saa ile ile kila siku, hata Jumapili, hata tukiwa tumelala saa mbili tu. Mchana hatukulala zaidi ya nusu saa. Chai ya rangi na kahawa mwisho saa nane mchana. Miraa tuliiacha kabisa (madereva hawatapenda neno hili, lakini huwezi kuukaripia mwili ulale huku unautia moto). Na usingizi ukikataa, tuliondoka kitandani, maana kitanda cha kugaagaa hugeuka adui. Mmoja wetu aliketi jikoni akipukuchua mahindi gizani mpaka macho yakawa mazito. Mwezi ule wa kwanza mkewe hakununua unga.

Tuje sasa kwenye mambo ya chama. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 44, yasema anayelewa kazini hata asiweze kufanya kazi yake sawasawa anaweza kufukuzwa mara moja. Hatuipingi, hakuna anayetaka kusimama karibu na mashine na mlevi. Lakini kifungu cha 41 chasema kwamba hata huyo lazima kwanza asikilizwe, akiwa na mwenzake au mwakilishi wa chama kando yake. Na kifungu cha 30 champa aliyefanya kazi miezi miwili mfululizo siku 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili na 7 kwa nusu mshahara kila mwaka, akileta cheti cha daktari. Ni wangapi kati yetu waliotumia siku hizo kuacha pombe? Twajificha, twaja kazini tukitetemeka, twasema ni malaria. Hata Shirika la Kazi la Kimataifa katika mwongozo wake wa mwaka 1996 lilisema shida ya pombe itazamwe kama shida ya afya.

Tena tukiri kosa letu. Palikuwa na bawabu wa usiku katika shamba moja, hatulitaji. Aliacha pombe, akaomba apewe zamu ya mchana kwa mwezi mmoja ili apate kulala. Msimamizi alimjibu, "Ulipokuwa ukinywa ulilinda vizuri." Alikuja kwetu. Tulimwambia angoje mkutano wa kamati. Juma la tatu alirudi kwenye chupa, na mkutano ulipofika alikuwa ameshapoteza kazi na nyumba.

Kwa hiyo twaomba tawi lipeleke kwa waajiri ombi moja: mwanachama aliye katika majuma ya kwanza ya kuacha, mwenye barua ya daktari, asipangwe zamu ya usiku wala asipandishwe kwenye trekta au mashine, wala asipunguziwe mshahara kwa ajili hiyo. Kamati imelipokea, litajadiliwa kabla ya mwisho wa mwezi.

Siku ya mshahara ndiyo mbaya kuliko zote. Siku hiyo tutakuwa ofisini mwa tawi tangu jioni hata asubuhi, kuna chai ya maziwa na karata. Aliye mbali na apige simu ya NACADA, nambari 1192, haina malipo. Anayeogopa kuonekana akiingia, mlango wa nyuma hautafungwa.