Mtaro Wetu na Baraza la Mji: Hotuba ya Kamati katika Mkutano Mkuu wa Mwaka



Tumepewa heshima ya kusema nanyi habari za mji wetu na mambo yaliyotupata katika majira ya masika. Hesabu za fedha mtazisikia kwa Mwekahazina, na majina ya ndugu waliotutoka mwaka huu yamekwisha kusomwa na Katibu. Sisi tutasema jambo moja tu, nalo ni mtaro. Twajua kwamba mtaro si jambo la kujivunia mbele ya mkutano mkubwa kama huu. Walakini fedha za chama zilizokusanywa kwa jasho zimepita katika mtaro huo zikaenda na maji, na kwa hivi yafaa tuzungumze habari zake waziwazi.

Hapa Thika mvua kubwa huanza mwezi wa Machi, hukaza mwezi wa Aprili, na hupungua mwezi wa Mei. Hayo ndiyo majira tunayoyapenda kuliko yote. Vumbi hutulia, na kila kipande cha ardhi kilicho kati ya nyumba hupandwa mahindi na maharagwe. Watoto hufunga shule, na wale ndugu zetu ambao kila siku huamkia Nairobi na kurudi usiku hupata siku chache za Pasaka za kuonana na jamaa zao. Masika haya vijana walipanda miche kando ya uwanja, na kina mama wakapika chakula cha wote siku ile ya mpira baina ya mtaa wa juu na mtaa wa chini. Twawashukuru wote waliojitolea. Mwenye kuona mambo hayo kwa mbali angesema kwamba mtaa wetu hauna haja ya kitu.

Lakini usiku mmoja wa mwezi wa Aprili maji yaliingia katika nyumba za mstari wa chini. Mtaro ulio kando ya njia ulikuwa umejaa udongo, na kalvati lililo chini ya njia lilikuwa limezibwa. Maji, yalipokosa njia yake, yalifanya njia katika vyumba vya watu. Magodoro yalilowa, unga ukaharibika, na vitabu vya watoto vikawa matope. Mama mmoja mzee alibebwa mgongoni gizani mpaka nyumba ya jirani. Hakuna aliyekufa, twamshukuru Mungu. Asubuhi yake kamati ilikutana ikatoa msaada kwa jamaa zilizopatwa, na fedha hizo zilitoka katika mfuko wa maziko, kwa sababu hapakuwa na mfuko mwingine wenye kitu.

Wazee wetu, mwajua maana yake. Mfuko ule uliwekwa ili mwanachama yeyote asizikwe kwa aibu. Tukiupunguza kila masika kwa ajili ya maji, itafika siku ambapo mwanachama aliyelipa ada yake miaka mingi atafariki, na jamaa zake wataambiwa kwamba fedha hazitoshi. Hilo ndilo jambo linalotutia hofu.

Wala tusidhani kwamba tutaokoka daima kama tulivyookoka. Katika masika ya mwaka 2024 mafuriko yaliua zaidi ya watu 200 katika nchi yetu. Alfajiri ya tarehe 29 Aprili mwaka ule maji yalishuka kwa ghafula karibu na Mai Mahiu, yakachukua watu wengi waliokuwa wamelala. Shule hazikuweza kufunguliwa kwa wakati wake, na tarehe 10 Mei ikawa siku ya taifa zima ya kuwaombolezea waliokufa na kupanda miti. Maji hayaulizi mtu ni mwanachama wa chama gani.

Basi, mtaro huu ni wa nani? Tulipouliza swali hili katika kamati, tulipata majibu matatu. Mmoja alisema ni wa serikali. Wa pili alisema ni wetu, kwa kuwa sisi ndio tunaoloweshwa. Wa tatu alisema hauna mwenyewe. Tuliona yafaa kuitazama sheria, nasi tutawaeleza tulichokiona.

Wazee wanakumbuka zamani za halmashauri, wakati diwani alipokuwa mtu wa kuonwa mlangoni kwake. Katika miaka ya kwanza ya Uhuru halmashauri za kaunti zilikuwa na kazi nzito za elimu ya msingi, afya na barabara. Mwaka 1970 serikali kuu ilizichukua kazi hizo mikononi mwao, na nguvu zao zikapungua. Manispaa yetu iliendelea na baraza lake la madiwani mpaka mwaka 2013. Mwaka ule, baada ya uchaguzi wa tarehe 4 Machi, halmashauri zote za zamani, 175 kwa hesabu, zilikoma, na mahali pake zikasimama serikali za kaunti 47. Diwani akaondoka, akaja mwakilishi wa wadi katika bunge la kaunti. Wengi wetu tuliona jina limebadilika, tukafikiri kwamba mambo ni yale yale.

Si yale yale. Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali lake la Nne, imeandika kazi za kaunti moja moja. Humo zimo barabara za kaunti, taa za njiani, masoko, na uondoaji wa taka. Humo pia, kwa maneno yasiyo na shaka, imo kazi ya kuyaongoza maji ya mvua katika mahali palipojengwa. Maana yake ni kwamba mtaro wetu una mwenyewe kwa sheria. Yafaa tuongeze kwamba barabara nyingine kubwa ziko chini ya mashirika ya serikali kuu, na kwa hivi mtu hana budi kwanza kuuliza njia fulani ni ya nani kabla ya kwenda kugonga mlango.

Sasa twafikia jambo ambalo wengi wetu hatukulijua. Mwaka wa fedha wa serikali huanza tarehe 1 Julai. Kwa sheria ya fedha za umma ya mwaka 2012, mpango wa maendeleo wa mwaka hupelekwa katika bunge la kaunti kabla ya tarehe 1 Septemba kupita. Waraka wa kugawanya fedha kwa idara hupelekwa mwisho wa Februari. Makadirio yenyewe ya matumizi hupelekwa kabla Aprili haijaisha, na bunge hutakiwa kuyamaliza kabla ya tarehe 30 Juni. Tazameni miezi hiyo, ndugu zetu. Wakati tunapokuwa tukiteka maji vyumbani kwa ndoo, ndio wakati makadirio yanapotengenezwa na kujadiliwa. Miezi ya matope ndiyo miezi ya kugawanya fedha. Mtu anayengoja jua liwake ndipo aende kusema habari za mtaro, amekwenda baada ya karamu kuliwa.

Nasi hatuna budi kukiri kosa letu. Tangazo la mkutano wa kusikiliza maoni ya wananchi lilibandikwa, na mmoja wetu aliliona. Likatajwa katika mkutano wa kamati. Siku ilipofika mvua ilikuwa ikinyesha, na katika chama hiki chote walikwenda watu 3, nao walichelewa. Waliokuwapo walisema habari za taa, wengine wakasema habari za soko, na maneno yao yakaandikwa. Hakuna mtu aliyeutaja mtaro wetu. Majuma machache baadaye maji yalituingilia, nasi tukapiga kelele kwamba tumesahauliwa. Kwa haki, hatukusahauliwa. Hatukuwapo.

Tena kuna kosa la pili. Siku tulipolizibua kalvati lile, tulitoa humo chupa za plastiki, nguo kuukuu, maganda ya miwa, na mawe yaliyobaki baada ya watu kujenga. Vitu hivyo havikuletwa na serikali. Vilitoka majumbani mwetu. Asiyeziba ufa atajenga ukuta, lakini sisi tulifanya zaidi: tuliziba palipotakiwa kuachwa wazi.

Wako wazee waliotuambia kwamba kwenda katika mikutano ile ni kupoteza wakati, maana mambo yamekwisha kuamuliwa na wakubwa. Twaiheshimu kauli hiyo, kwa sababu imetoka kwa watu walioona mengi. Lakini twaomba tuwakumbushe jambo lililotokea katika kaunti yetu hii hii ya Kiambu. Mwaka 2013 kaunti ilitunga sheria ya fedha yenye kodi na ada mbalimbali. Wananchi walikwenda mahakamani wakidai kwamba hawakushirikishwa inavyopasa. Mwezi wa Aprili mwaka 2014 Mahakama Kuu iliitangua sheria hiyo. Jaji alieleza kwamba haitoshi kutia tangazo gazetini tu. Wananchi waitwe kwa kila njia iwezekanayo, makanisani, misikitini, katika mabaraza, na kwa redio za lugha wanazozisema. Basi sauti ya mwananchi si pambo katika sheria zetu. Sheria ya kaunti nzima ilianguka kwa sababu sauti hiyo haikutafutwa.

Wako na wengine, hasa vijana, waliosema kinyume chake: tusiuguse mtaro hata kidogo, kwa sababu ni kazi ya kaunti, na tukiuchimba wenyewe tutakuwa tumewasaidia watu wanaolipwa mshahara kwa kazi hiyo. Hoja hii ina nguvu. Chama kikifanya kila mwaka kazi ambayo sheria imempa mwingine, huyo mwingine huona kwamba kazi haipo. Lakini mama mzee hawezi kuelea juu ya maji huku tukingoja jibu la barua. Kwa hivi kamati imeona kwamba mikono yote miwili itumike: mkono mmoja ushike jembe, na mkono mwingine ushike kalamu.

Twaleta mbele yenu maazimio manne, mkipenda yawe maazimio ya chama.

La kwanza, Jumamosi ya mwisho ya Februari kila mwaka, kabla ya mvua, kila nyumba itoe mtu mmoja na chombo kimoja, jembe au sepetu au wilbaro, tuuzibue mtaro wote kutoka juu mpaka chini. Asiyeweza kwa uzee au ugonjwa asidaiwe kitu.

La pili, chama kiandike ombi rasmi kwa kaunti juu ya mtaro na kalvati, kwa kuwa sheria ya serikali za kaunti ya mwaka 2012 imempa mwananchi haki ya kupeleka ombi la namna hiyo. Ombi litiwe sahihi na wanachama wote, na nakala yake iliyopigwa muhuri wa kupokewa ihifadhiwe na Katibu. Tukitaka kujua ni fedha gani zimetengwa, tuulize kwa maandishi. Sheria ya mwaka 2016 juu ya kupata habari inaitaka ofisi ya umma itoe jibu katika siku 21.

La tatu, wachaguliwe wajumbe 6, wanaume 2, wanawake 2 na vijana 2, ambao kazi yao itakuwa kuhudhuria kila mkutano wa makadirio, mvua ikinyesha au isiponyesha, na kuleta habari katika mkutano unaofuata. Nauli yao ilipwe na chama. Nauli hiyo ni ndogo kuliko bei ya godoro moja.

La nne, uanzishwe mfuko mdogo wa maafa, ulio mbali na mfuko wa maziko, ili fedha za kuwazika wenzetu zisiguswe tena kwa jambo lolote. Kiasi cha mchango kikatwe na mkutano huu, wala si na kamati.

Tena twaomba Katibu aangalie cheti cha kuandikishwa kwa chama kisipitwe na wakati. Sheria ya miji imevitaja vyama vya wakazi vilivyoandikishwa kuwa miongoni mwa makundi yanayopendekeza wajumbe wa bodi ya manispaa. Chama kisicho na cheti hakiwezi kumpendekeza mtu, hata kiwe na wanachama wengi namna gani.

Bwana Mwenyekiti, waliokianzisha chama hiki hawakuwa na haki hizi tulizo nazo. Waliomba kwa kofia mkononi, na walipojibiwa walishukuru, na waliponyimwa walichangishana. Sisi tumepewa mlango ulio wazi, nasi tumekaa nje tukinung'unikia mvua. Masika mengine yatakuja mwezi wa Machi. Maji yatashuka kama yanavyoshuka siku zote, na makadirio yataandikwa kama yanavyoandikwa siku zote. Twataka safari hii maji yakute mtaro wazi, na makadirio yatukute tumeketi katika ukumbi, viatu vyetu vikiwa na matope.

Twayaweka maazimio haya mikononi mwenu.