Vijana Wetu wa Vyuo na Mchezo wa Mpira: Ungwana Uwanjani na Tumaini la Kazi

(Hotuba ya Halmashauri ya Michezo, iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka, Kianjokoma)



Twashukuru kupewa nafasi ya kusema machache juu ya vijana wetu wanaosoma vyuoni na kucheza mpira. Jambo hili laweza kuonekana dogo mbele ya habari za chai, kahawa, karo na matibabu zilizojaza kurasa za taarifa yetu. Lakini mwaka huu wazazi kadhaa wameleta mbele ya chama haja moja: wasaidiwe fedha za kumtoa kijana chuoni, aende mbali akajaribiwe na klabu ya wachezaji wa kulipwa. Fedha wanayoitaka ni ile ile ya karo. Kwa hiyo hatuna budi kulipima jambo hili, tujue lipi ni tumaini na lipi ni ndoto.

Zamani mtu aliyetaka elimu ya juu alilazimika kuhama wilaya. Siku hizi Chuo Kikuu cha Embu, kilichopewa hati yake mwaka 2016, kiko karibu nasi, na vyuo vikuu vya Chuka na Meru si mbali. Katika vyuo hivyo vijana hushindana kwa mpira, na wengine huonyesha ustadi wa kustahili sifa. Si ajabu, basi, baba akimtazama mwanawe akapata kuwaza makubwa.

Hatusemi kwamba makubwa hayo hayawezekani. Michael Olunga alisoma Upper Hill School, Nairobi, kisha akawa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Ufundi cha Kenya huku akiucheza mpira. Mwaka 2015 aliichezea Gor Mahia iliyotwaa ubingwa wa Kenya bila kushindwa hata mara moja. Mwaka uliofuata alikwenda Sweden, na baadaye China, Uhispania na Japani. Tarehe 24 Novemba 2019 aliifungia Kashiwa Reysol mabao manane katika mchezo mmoja, na mwaka 2020 akawa mfungaji bora wa ligi kuu ya Japani kwa mabao 28, tena mchezaji bora wa mwaka. Yuko pia Lawrence Olum, mzaliwa wa Nairobi, aliyesoma na kucheza katika chuo cha Missouri Baptist, Marekani. Yeye hakuingia ligi kuu ya huko kwa siku moja. Alipitia vilabu vidogo kwa miaka kadhaa, kisha akapokewa na Sporting Kansas City, naye alikuwamo katika kikosi chake kilichotwaa kombe la ligi hiyo mwaka 2013.

Hao ndio waliofika. Lakini wazee wetu wajua kwamba anayehesabu miti iliyozaa hupaswa kuhesabu na miche iliyokauka. Njia hii ni nyembamba, na malango yake hayafunguliwi kwa ustadi wa miguu peke yake. Mwezi wa Januari 2010 klabu ya Manchester City ilimtaka McDonald Mariga, ndugu yake Victor Wanyama. Kibali cha kazi cha Uingereza kikawa kizuizi, kwa kuwa masharti ya wakati ule yalitaka timu ya taifa la mchezaji iwe miongoni mwa 70 bora duniani, na Kenya haikuwamo. Mariga akaenda Inter Milan ya Italia, iliyotwaa ubingwa wa Ulaya mwaka ule ule. Basi tazameni: hata mchezaji aliyetakiwa na klabu tajiri alizuiwa kwa jambo lisilo la miguu yake.

Na hapa nchini je? Mwaka 2019 kampuni ya SportPesa ilipoondoa udhamini wake, ligi kuu ilibaki bila mdhamini, na hata wachezaji wa vilabu vikongwe kama Gor Mahia na AFC Leopards wakangoja mishahara isiyofika. Mwezi wa Februari 2022 FIFA iliifungia Kenya kwa sababu ya mvutano wa uongozi, na kifungo hicho hakikuondolewa hadi Novemba mwaka huo. Kijana aliyeacha masomo yake ili ategemee mpira wa miaka hiyo alijikuta hana chuo wala mshahara. Tena hata anayefanikiwa, miguu yake humlipa hadi umri wa miaka thelathini na kidogo tu. Maisha yaliyobaki humtaka awe na kazi nyingine.

Sasa tuje kwenye ungwana wa mchezo, ambao wengi huudhania kuwa pambo tu. Wahenga walisema, asiyekubali kushindwa si mshindani. Katika Kombe la Dunia la mwaka 2018 Senegal na Japani zilimaliza mashindano ya kundi zikiwa sawa kwa pointi, kwa tofauti ya mabao, kwa mabao ya kufunga, na hata katika mchezo wao wenyewe zilikuwa zimetoka sare. Likahesabiwa jambo lililofuata, nalo ni nidhamu: Japani ilikuwa na kadi nne za manjano, Senegal sita. Japani ikasonga mbele, na wana wa Afrika wakarudi nyumbani. Kadi mbili tu! Ni nani basi atakayesema kwamba kumtukana mwamuzi au kumkwatua mwenzako kwa hasira ni jambo la bure?

Yako makosa makubwa kuliko hayo. Mwaka 2020 FIFA iliwafungia wachezaji wanne wa klabu moja ya ligi kuu ya Kenya kwa kupanga matokeo ya michezo. Watatu miaka minne kila mmoja, na mmoja maisha. Ustadi wao haukuwaokoa. Na ubaya huo hauanzi siku mtu anapopewa bahasha. Huanza shuleni, mwanafunzi anapopunguziwa umri kwa karatasi, au timu inapoingiza mamluki asiye mwanafunzi, na sisi wazazi tukashangilia kikombe. Kijana aliyefundishwa kwamba ushindi wapatikana kwa hila, tutamshangaaje akiuuza ushindi huo? Samaki mkunje angali mbichi.

Tukiutazama ungwana hivi, twaona kwamba ndio mali ya pekee ambayo kijana haipotezi hata asipopata klabu. Anayejifunza kufika mazoezini kwa saa, kumtii nahodha aliye mdogo kwake kwa umri, kuyapokea maamuzi asiyoyapenda na kumpa mkono aliyemshinda, atafaa katika kiwanda cha chai, darasani, hospitalini na katika baraza hili letu. Wachezaji mia wakitoka vyuoni, huenda asipatikane hata mmoja wa kulipwa na klabu ya ng'ambo. Lakini wote mia waweza kutoka wakiwa watu wa kuaminiwa.

Kwa sababu hizo, Bwana Mwenyekiti, twauomba mkutano huu ukubali mambo manne.

Kwanza, fedha ya karo ya chama isigeuzwe kuwa nauli ya majaribio. Kijana amalize masomo yake, na mpira aucheze hapo hapo chuoni.

Pili, mzazi asiuze ng'ombe wala shamba kwa neno la mtu ajiitaye wakala. Tangu Oktoba 2023 FIFA yataka wakala awe na leseni inayopatikana kwa mtihani. Mwenye leseni aionyeshe, na klabu yenyewe ilete barua. Anayetaka malipo kabla ya barua, mlango aonyeshwe yeye.

Tatu, katika mashindano yanayosaidiwa na chama chetu, timu itakayodanganya umri au kuingiza mamluki inyang'anywe kikombe, hata ikiwa ni timu ya nyumbani kwetu Kianjokoma.

Nne, pamoja na kikombe cha mshindi, itolewe zawadi ya timu iliyocheza kwa ungwana kupita zote, nayo ikabidhiwe na wazee wenyewe, ili vijana waone ni kipi tunachokithamini.

Wazee wetu, hatuwazuii watoto kuota. Twataka tu kwamba kijana akiamka kutoka ndotoni akute cheti chake mkononi na jina lake likiwa safi. Na yule mmoja atakayeitwa mbali, aende na baraka zenu, akiwa mchezaji hodari na muungwana.