Breki za Baiskeli ya Mzigo

 

Leo hatuzungumzi mbegu wala mbolea. Tunazungumza habari ya kufikisha mazao sokoni. Umelima, umepalilia, umevuna. Umefunga mikungu yako ya ndizi kwenye keria ya baiskeli na sasa umesimama juu ya kilima, mteremko uko mbele yako. Je, baiskeli hiyo itasimama pale utakapotaka isimame?

Kweli siku hizi pikipiki zimekuwa nyingi, lakini petroli ni fedha, na baiskeli ingali inabeba ndizi, maharage, kahawa na madumu ya maji ya familia nyingi. Nasema ile baiskeli nzito ya chuma, kama Phoenix, yenye breki za fito. Sasa zitazame vizuri zinapopita. Nyingi hazina breki! Fito ziling'olewa, raba zilikwisha zamani. Ukimwuliza mwenyewe, atakuonyesha kandambili yake. Eti hiyo ndiyo breki: anakanyaga tairi la nyuma kwa mguu.

Nami nilifanya hivyo ujanani. Nilikuwa na gunia la maharage, mvua ilikuwa imetoka kunyesha, kandambili ikateleza kwenye tairi kama imepakwa sabuni. Gunia likapasuka, maharage yakamwagika mtaroni, na kovu ninalo gotini hadi leo. Bahati yangu njia ilikuwa tupu. Siku ya soko njia haiwi tupu. Yuko mama mwenye mtoto mgongoni, wako watoto wanaotoka shule.

Wengine watasema, mbona kule Goma, mashariki ya Kongo, wenye chukudu wanafunga breki kwa mguu? Ni kweli. Lakini chukudu ina kipande cha tairi kuukuu kilichofungwa juu ya gurudumu la nyuma, na mtu hukikanyaga hicho. Hakanyagi gurudumu lenyewe. Basi hata huyo wa chukudu ametengeneza breki.

Hebu tupime kazi ya breki. Tuseme wewe una kilo 60, baiskeli kilo 20, na mzigo kilo 70. Jumla ni kilo 150. Ukishuka mteremko ambao chini yake na juu yake zimepishana mita 100 kwenda juu, na ukashuka polepole kwa breki, joto linalotoka kwenye raba na rimu lingetosha kuchemsha vikombe viwili vya maji ya chai. Joto lote hilo! Ndiyo maana raba huisha, na ndiyo maana rimu ikipata moto sana kiraka cha tyubu kinaweza kubanduka. Na jambo jingine: ukiongeza mwendo mara mbili, hatua za kusimamia haziwi mara mbili, huwa mara nne. Kwa hiyo usiseme nitashika breki nikifika karibu na kona.

Haya, tuitengeneze. Huhitaji karakana. Spana moja, bisibisi na kitambaa vinatosha.

Anza na raba. Kila gurudumu lina raba mbili, zimekaa ndani ya vibati vyake, na ukibana mkono wa breki fito huzivuta zikagusa rimu kwa upande wa ndani. Zikibaki nyembamba kiasi kwamba kibati kinakaribia rimu, zitoe. Usingoje mpaka usikie chuma kinakwaruza chuma, maana hapo rimu nayo inaliwa, na rimu ni ghali kuliko raba. Kama raba bado ni nene lakini imekuwa ngumu na inang'aa, isugue kwenye jiwe mpaka iwe na mikwaruzo. Wakati wa kiangazi chokonoa changarawe zilizojichoma ndani yake.

Sasa sikiliza vizuri hapa, kwa sababu hata mafundi wengine hukosea. Kibati cha raba kina upande mmoja uliozibwa na upande mmoja ulio wazi. Zungusha gurudumu kwenda mbele kwa mkono, utazame rimu ikipita pale kwenye raba inaelekea wapi. Upande uliozibwa ukae huko inakoelekea. Ukigeuza, rimu itaisukuma raba itoke nje kwenye mteremko wa kwanza tu, nawe utabaki umeshika mkono wa breki usio na kazi.

Raba za dukani zikikosekana, kata tairi kuukuu lisilo na nyaya ndani. Nyaya hukwangua rimu. Kipande kikae kwa kubana. Kikicheza, kitupe ukate kingine.

Kisha shika fito moja moja. Legeza skrubu inayoibana, sogeza raba mpaka ibaki nafasi kama ya milimita 3 kati yake na rimu, kaza. Zungusha gurudumu. Likiyumba likagusa raba upande mmoja, kasoro iko kwenye spoku, mpelekee fundi aninyoshee rimu kwanza. Kwenye viungo vya fito tia oili tone moja moja. Tone, si kikombe! Oili ikifika kwenye rimu huna breki tena, mpaka uioshe kwa sabuni ukaushe.

Sasa jaribu. Pakia mzigo ule ule utakaokwenda nao, simama mahali tambarare, bana breki ya nyuma, sukuma. Gurudumu lisizunguke. Fanya hivyo na la mbele. Na mkono wa breki usifike kugusa usukani; ukigusa, kaza fito tena.

Mvua ikinyesha, rimu ya chuma iliyolowa hushikwa na raba kwa shida sana. Hapo mimi nashauri ushuke utembee, hata kama breki ni mpya.

Na siku ya jua, simama juu ya mteremko kabla ya kuanza. Bana breki zote mbili uone. Anza polepole na ubaki polepole: bana, achia kidogo, bana tena, ili rimu ipumue. Tumia zaidi ya nyuma, kwa kuwa mzigo umekaa huko. Ya mbele isaidie. Ukiibana ya mbele peke yake ghafla kwenye changarawe, gurudumu litateleza na usukani utakutoka mikononi. Kwenye mteremko mkali kweli kweli usipande kabisa. Shuka, uiongoze kwa miguu. Mkiwa wawili, mmoja ashike usukani na breki, mwingine ashike kamba iliyofungwa kwenye keria, naye akae nyuma ya mzigo, asikae mbele yake hata kidogo.

Kwa leo ni hayo, ndugu mkulima. Kwaherini.