Ndugu Watatu na Chungu Kimoja
(Hotuba iliyosomwa katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani)



Kamati iliponiandikia ilinitaka nizungumze juu ya nafasi ya msomi katika jamii. Niliomba ruhusa ya kubadilisha. Juu ya nafasi ya msomi mmekwisha kusikia mengi katika ukumbi huu, na aghalabu msemaji huanza na msomi akamalizia na sifa zake mwenyewe. Mimi nitazungumza juu ya jambo dogo zaidi, nalo ni jinsi ndugu wa tumbo moja wanavyobishana siasa. Nasema ni dogo, lakini ziko nyumba katika mkoa wetu huu wa Songwe ambazo watu wake hawaamkiani kwa ajili yake.

Kwetu tuko watatu. Kaka yangu ni dereva wa malori. Amekwenda Lubumbashi na kurudi mara nyingi kuliko mimi nilivyokwenda Dodoma. Huyo ni mtu wa upinzani tangu alipopata haki ya kupiga kura. Kitindamimba wetu ni dada mwenye duka la vitenge Tunduma, na ni mwana-CCM wa dhati, mjumbe katika Umoja wa Wanawake wa kata yake. Mimi niko katikati kwa kuzaliwa na kwa kazi. Kanuni za utumishi zinaniruhusu kuwa mwanachama wa chama nikitaka, lakini haziniruhusu kufanya siasa ofisini, na nimezoea hata nyumbani kuulizwa tarakimu kuliko maoni.

Kila Krismasi tunakutana kwa mama, na mama huandaa kimpumu. Kwa ndugu zetu mliosomea hapa mkitokea pwani na hamkuthubutu kuonja, nieleze. Ni ulezi uliochachushwa, ukatiwa ndani ya chungu, ukamiminiwa maji ya moto. Hainywewi kwa bilauri. Kila mtu ana mrija wake, na chungu ni kimoja. Maji yakipungua yanaongezwa mengine ya moto, mpaka ulezi uishiwe nguvu. Kwa hiyo mtu akitaka kunywa hana budi kusogeza kigoda mpaka magoti yake yakaribiane na ya mwenzake. Ukimkasirikia nduguye ukahamia ukumbini, umekosa kinywaji. (Wanafunzi, Mkuu wa Shule ananitazama. Hayo ni mambo ya watu wazima.)

Baba yetu hakujua mabishano ya namna hiyo. Alikuwa kibarua katika ujenzi wa TAZARA, ile reli ya kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, iliyoanza kujengwa mwaka 1970 na kukabidhiwa rasmi mwaka 1976. Alikuwa TANU, na mwaka 1977 akawa CCM kama mtu anavyohamia nyumba mpya na vyombo vyake vyote. Siasa nyumbani ilikuwa taarifa ya habari ya redio, nayo ilisikilizwa kwa kunyamaza.

Lakini sisi wa Tunduma tuliona vyama vingi ng'ambo ya barabara kabla havijafika kwetu. Oktoba 1991 Wazambia walipiga kura, Mzee Kaunda akashindwa na Chiluba, akakubali, akaondoka madarakani. Nilikuwa mtoto, lakini nakumbuka wabadilisha fedha wa mpakani wakilizungumza kama muujiza. Wakati huo huo Tume ya Jaji Nyalali ilikuwa ikizunguka Tanzania kukusanya maoni. Vijana, shikeni hesabu hii, maana mara nyingi inasemwa nusu: karibu asilimia 80 ya waliotoa maoni walitaka chama kimoja kiendelee, na karibu 20 walitaka vyama vingi. Tume ikapendekeza vyama vingi, na tarehe 1 Julai 1992 mfumo mpya ukaanza. Kaka husema huo ndio ushahidi kwamba wachache wanaweza kuwa na haki. Dada husema ndio ushahidi kwamba CCM ilisikiliza hata wachache. Hesabu ni moja.

Uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi ulikuwa Oktoba 1995. Nadhani nyumba iliyotupa somo kubwa mwaka ule ni ya Mwalimu Nyerere mwenyewe. Mwalimu alizunguka nchi kumnadi Mkapa wa CCM. Mwanawe, Makongoro, aligombea ubunge wa Arusha Mjini kwa tiketi ya NCCR-Mageuzi, akashinda. Baadaye alirejea CCM na kushika nyadhifa nyingi. Mwaka 2010 mtoto wa ndugu yake Mwalimu, Vincent Nyerere, akachukua Musoma Mjini kwa tiketi ya CHADEMA. Sikupata kusikia kwamba yeyote kati yao aliacha kuwa mtu wa Butiama.

Mfano wa upande wa pili ni Zanzibar. Baada ya uchaguzi ule ule wa 1995, kule Pemba hasa, watu wa CCM na wa CUF walifika mahali pa kutouziana dukani na kutozikana. Jirani hakuitikia salamu, mtu akafiwa na nusu ya kijiji wasije. Ilichukua miaka kumi na mitano, na kukutana kwa Rais Amani Karume na Maalim Seif mwaka 2009, na kura ya maoni ya Julai 31, 2010, ambayo karibu theluthi mbili walikubali serikali ya umoja wa kitaifa. Wako wanaosema maridhiano yale yalikuwa ya kugawana vyeo. Huenda. Lakini watu walianza tena kwenda kwenye maziko, na mimi siwezi kuita jambo hilo kuwa dogo.

Nirudi Tunduma, ambako siasa zina vichekesho vyake. Mwaka 2010 kaka alimpigia kura David Silinde wa CHADEMA, katika lililokuwa jimbo la Mbozi Magharibi. Alimsifu mpaka chungu kikakauka, na dada alimponda kwa nguvu hiyo hiyo. Mwaka 2015 majimbo yakagawanywa. Silinde akaenda Momba, na Tunduma ikamchukua Frank Mwakajoka, naye wa CHADEMA. Mwaka 2020 Silinde akahamia CCM, akaja kugombea Tunduma, akatangazwa mshindi. Basi Krismasi ile dada alikuwa na kazi ya kumsifu mtu aliyemponda miaka kumi, na kaka kumponda aliyemsifu. Kila mmoja alitumia maneno ya mwenzake bila kujua. Mama alicheka mpaka akaweka mrija chini.

Mwaka 2023 mambo hayakuwa ya kuchekesha. Ulikuwa mwaka wa bandari. Bunge liliridhia mkataba wa Tanzania na Dubai mwezi Juni, na kesi ya kuupinga ilifunguliwa hapa hapa jirani, Mahakama Kuu Mbeya, ikatupwa mwezi Agosti. Mtu wa Tunduma hawezi kusema bandari haimhusu: shaba ya Zambia na Kongo inayopita mlangoni kwetu inakwenda huko, na meli zikichelewa Dar es Salaam foleni ya malori inaonekana Mpemba. Dada alifika kwa mama siku ya msiba wa mjomba, mwezi Julai, na kabla ya chai wakaanza. Kaka: bandari imeuzwa milele. Dada: hakuna aliyeuza, ni uzushi wa wasioitakia nchi mema. Wakafika kwenye matusi. Nikawauliza nani ameusoma mkataba. Hakuna.

Ulikuwa umekwisha kutoka hadharani, nami nilikuwa na nakala. Tukausoma, kwa Kiingereza, nikitafsiri. Ilichukua jioni nzima na chungu kizima. Ajabu ni kwamba ugomvi haukuisha, lakini ulihama. Ibara ya muda haikutaja idadi ya miaka. Ilisema mkataba utadumu hadi shughuli za miradi zikome. Kaka akapiga paja. Dada akasoma mbele akaonyesha kwamba huo ni mkataba wa jumla, na kwamba ya kila mradi itakuja na masharti yake. Mama akauliza, "Kwa hiyo ni miaka mingapi?" Hakuna aliyeweza kumjibu. Oktoba mikataba ya utekelezaji ikatiwa saini Dodoma, ikatajwa miaka 30. Dada alimpigia kaka simu usiku ule ule, naye yuko Kitwe. Kaka akamjibu kwamba bila kelele za watu kama yeye ingeandikwa milele. Hapo naona wote wawili walikuwa na hoja, na ni mara chache ndugu zangu wanaponipa nafasi ya kusema hivyo.

Sasa nifike kwenye lile ambalo baadhi yenu mlikuwa mkisubiri kuona kama nitalikwepa. Uchaguzi wa Oktoba 29, 2025 mnaujua. CHADEMA haikushiriki, na kiongozi wake alikuwa mahabusu kwa shitaka la uhaini. Siku ile fujo zilizuka katika miji kadhaa, intaneti ikazimwa nchi nzima, na watu walikufa. Mwezi Novemba Rais aliunda tume ya kuchunguza. Mimi ni mtumishi wa umma. Nitasimulia ya nyumbani kwetu tu.

Kijana wa kaka, aliyemaliza kidato cha nne mwaka uliotangulia, alikamatwa pamoja na vijana wenzake katika mji mmoja wa ukanda wetu. Kaka alikuwa Zambia na mzigo. Mimi nilikuwa kituo changu cha kazi, mbali. Kaka hakunipigia mimi. Alimpigia dada, ambaye kwa wiki tatu walikuwa hawasemezani, kwa sababu alimwambia kwamba kampeni anazozipigia vigelegele ni za mtu mmoja akishindana na kivuli chake. Alimwambia neno moja: "Mtoto." Dada akafunga duka. Alikwenda siku tisa mfululizo, akipeleka uji na kuulizia. Wako wenzake wa chama waliomwita pembeni wakamwuliza anatafuta nini kwa wahuni. Nilipomwuliza baadaye aliwajibu nini, alisema hakuwajibu. Alikuwa na haraka, uji unapoa. Siku ya kumdhamini alipewa karatasi ya kujaza uhusiano. Akaandika: shangazi.

Tulipokutana Krismasi nilidhani mwaka ule hapatakuwa na siasa. Nilijidanganya bure. Maji ya kwanza yalikwisha kimya. Maji ya pili kaka akasema, "Mdogo wangu, Mungu akubariki. Lakini bado nasema ule haukuwa uchaguzi." Dada akatoa mrija mdomoni. "Na mimi, kaka, nasema mwanao hakuwa na kazi barabarani siku ile. Wewe ndiye uliyemjaza maneno." Ikawa kama miaka yote, na pengine kali zaidi. Kaka alitaja watu waliokufa. Dada alitaja maduka yaliyochomwa, na mtaji wake uko dukani. Kaka akasema duka hujengwa tena. Dada akamwuliza kama anajua bei ya jora la kitenge. Mimi niliulizwa tarakimu, nikasema tume imepewa kazi hiyo. Wote wawili wakanicheka, na hilo ndilo jambo pekee walilokubaliana usiku ule.

Aliyekuwa akimimina maji ya moto ni yule kijana. Mama ndiye aliyemwambia aweke birika chini, akae, aseme alichokiona kwa macho yake, na si alichosikia. Akasema. Alizungumza kama robo saa, na sikuona mtu akigusa mrija. Dada alimwuliza maswali mawili, kaka moja. Sitayarudia hapa aliyoyasema. Ni yake, na ana mdomo. Alipomaliza, dada alisema, "Hilo sikulijua." Kisha baada ya muda akaongeza kwamba hata hivyo kura yake hajutii. Kaka akamsogezea chungu. Mpaka leo hawajakubaliana, na mwezi uliopita walianza upya juu ya reli ya baba, maana Septemba 2025 serikali za Tanzania na Zambia zilitia saini na kampuni ya Kichina mkataba wa miaka 30 wa kuifufua na kuiendesha TAZARA, wenye thamani ya dola bilioni 1.4 za Kimarekani. Safari hii dada ndiye aliyeniomba nitafute nakala.

Ndugu Mwenyekiti, nimebakiwa na ombi moja kwa wanafunzi wa zamani. Nyakati zetu palikuwa na mdahalo kila Jumamosi jioni katika ukumbi huu. Mwalimu wetu alikuwa na tabia tuliyoichukia: ulipokwisha kujiandaa kutetea hoja, alirusha sarafu ukajikuta unaipinga. Nimeambiwa mdahalo ulikufa kwa kukosa mahali pa kusoma habari. Nimezungumza na wenzangu watano wa mwaka wetu, nasi tutalipia magazeti mawili ya kila siku, moja la serikali na moja la watu binafsi, kwa mwaka mzima kuanzia muhula ujao. Yakiletwa na basi la asubuhi kutoka Mbeya yatafika kabla ya saa sita. Ninaomba wengine mchangie meza na viti vya maktaba, kwa sababu nimeviona leo asubuhi, na vingine ndivyo vile vile nilivyoviacha mimi.

Sarafu ya kurusha, Mkuu wa Shule, nimekuja nayo.