Vyakula vya Kukaanga na Afya ya Makarani

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama)



Halmashauri imetuomba tuseme machache juu ya vyakula vya kukaanga, nasi tumekubali kwa furaha, maana neno hili latugusa sote. Kila siku za kazi, saa ya chakula ikifika, makarani huelekea kwenye makarai: huyu aagiza chipsi mayai, huyu mihogo, huyu sambusa mbili na chai. Jioni twarudi nyumbani, na pengine twakuta samaki wa kukaanga. Mwezi ukiisha, daftari la michango huzungushwa ili tumsaidie mwenzetu aliyelazwa kwa shinikizo la damu au kisukari. Ndiyo sababu wanachama wameuliza: Je, yatupasa kuviacha vyakula hivi kabisa, au vyaweza kupata nafasi kwa mtu atakaye afya njema?

Jibu letu ni kwamba vyaweza, ila kwa masharti matatu: mafuta yawe mazuri, kipimo kiwe kidogo, na siku ziwe chache.

Kwanza yafaa tujue kuwa mafuta si adui. Lugha yetu yenyewe yatofautisha kuunga na kukaanga. Mpishi aungaye mchicha kwa kijiko kimoja cha mafuta amefanya vema, kwa kuwa mwili hupata vitamini A kutokana na mboga za majani, na kazi hiyo haiendi sawasawa pasipo mafuta kidogo. Taabu huanza pale chakula kinapozamishwa karaini, na jambo hilo likawa ni desturi ya kila siku.

Sasa tutazame hesabu, kwa kuwa hesabu ndiyo kazi yetu. Gramu 1 ya wanga huupa mwili kalori 4, lakini gramu 1 ya mafuta huupa kalori 9. Kijiko kimoja cha mezani cha mafuta kina kalori kama 120. Gramu 100 za viazi vya kuchemsha zina kalori karibu 90. Gramu 100 za chipsi zina kalori 300 au zaidi. Tofauti hiyo hutoka wapi? Kiazi kiingiapo katika mafuta ya moto, maji yaliyomo hutoka kwa mvuke, nayo mafuta hushika mahali pake. Mafuta yasipopata moto wa kutosha, chakula hukaa sana karaini na kunywa mafuta mengi. Vipande vyembamba navyo hunywa kuliko vinene.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Kalori nazo huja bila habari. Mkulima ashikaye jembe tangu alfajiri huzitumia shambani. Karani akaaye kitini saa nane hana pa kuzitumia, na salio lake huhamishiwa kiunoni mwezi hata mwezi. Hapo huwajibu wale wasemao kwamba wazee wetu walikula vitumbua na sambusa wasidhurike. Walikula, ni kweli. Lakini wengi wao walivila siku ya Idi, au harusi, au alipofika mgeni, na siku zilizobaki walikwenda kwa miguu.

Wataalamu nao wamelichunguza jambo hili. Huko Hispania watu 40,757 walifuatwa kwa muda wa miaka kama 11, na matokeo yalichapwa mwaka 2012. Haikuonekana kwamba walaji wa vyakula vya kukaanga walipatwa na ugonjwa wa moyo kuliko wenzao. Huko Marekani wanawake 106,966 wenye umri wa miaka 50 hata 79 walichunguzwa, na matokeo yakatolewa mwaka 2019. Waliokula kuku wa kukaanga kila siku walionekana kuwa na hatari ya kufa iliyozidi kwa asilimia 13 kuliko wasiomla. Mtu asikiaye habari hizi mbili huenda akadhani wataalamu wanapingana. Lakini Wahispania wale walitumia mafuta ya zeituni au ya alizeti, na wengi walikaanga nyumbani kwao, ambako mafuta hayarudiwi sana. Basi swali la kwanza liwe: yamekaangwa kwa mafuta gani, na mafuta hayo yamechemshwa mara ngapi?

Mafuta yaliyochemshwa tena na tena hubadilika tabia yake. Huwa meusi na mazito, hupiga povu, hutoa moshi upesi, na ndani yake huzaliwa vitu vinavyoudhuru mwili. Mtu haitaji maabara kuyatambua. Macho na pua vyatosha. Kadhalika yako mafuta ya kuganda ambayo viwanda huyageuza yawe magumu. Shirika la Afya Duniani mwaka 2018 liliyataka mataifa yote yayaondoe mafuta ya namna hiyo katika vyakula, kwa sababu huziba mishipa ya moyo. Tena, mwaka 2002 wataalamu wa Sweden walitangaza kwamba vyakula vya wanga vikaangwapo kwa joto lipitalo digrii 120 huzaa kitu kiitwacho akrilamaidi, ambacho kimeonekana kuleta saratani kwa wanyama waliojaribiwa. Kwa hiyo kiazi na kipopolewe kingali na rangi ya dhahabu, kisiachwe hata kikawa kahawia.

Mabibi na Mabwana, sasa tumefika kwenye neno zito. Wengi wetu humlaumu mama lishe kwa mafuta yake meusi. Lakini na tuulize: ni nani ajadilianaye naye bei? Bei ya mafuta hupanda, nasi twataka sahani kwa bei ya mwaka jana. Wengine hula kwa daftari tangu tarehe 10 hata mshahara utoke. Mama huyu, fedha zake zikiwa zimelala katika madeni ya makarani, atanunua mafuta mapya kwa nini? Atayarudia yale yale ya jana na ya juzi, nasi tutayala. Deni letu ndilo liyatiayo mafuta yale weusi, na mwisho wake twalilipa hospitali kwa faida kubwa.

Kwa hiyo twauletea mkutano mashauri matatu. La kwanza, Halmashauri iwaendee wapishi wa jirani na ofisi zetu, wakubaliane kwa heshima: wao wayachuje mafuta kila siku na kuyamwaga yanapobadilika rangi au kutoa povu, nasi tukubali kuongeza kidogo bei ya sahani, na madeni yalipwe kila Ijumaa. La pili, katika mlo mmoja kiwepo chakula kimoja tu cha kukaanga, tena kidogo, na sahani ijazwe maharage, mboga za majani na tunda. Na iwe mara moja au mbili kwa juma. Tukiagiza maharage kwa wingi, mpishi atayapika. Mpishi hupika kinachonunuliwa. La tatu, kopo la chumvi liondolewe mezani, kwa kuwa Shirika la Afya Duniani lashauri chumvi ya siku nzima isifike gramu 5, nayo ni kama kijiko kimoja cha chai. Na wale ambao daktari amekwisha waambia neno juu ya moyo, damu au sukari, na wamsikilize daktari kwanza.

Hatukuja kumnyang'anya mtu sambusa yake. Twataka siku aipatapo imfurahishe, na daftari la michango lipate kupumzika. Twamwomba Bwana Mwenyekiti ayafungue mashauri haya yajadiliwe, yakipendeza yapigiwe kura leo hii, na Bwana Katibu aandike majina ya wale watakaokwenda kuonana na wapishi kabla ya mwezi kuandama.