Maji Yasiyojaa Kikombe



Mwaka juzi tulikaa njiani gizani saa tatu, mama mjamzito akiwa kiti cha nyuma, kwa sababu ya maji yasiyojaa kikombe. (Alijifungua salama, tunashukuru.) Gari letu ni Land Cruiser la zamani lenye injini ya dizeli ya 1HZ, silinda sita. Injini haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa letu: tulijaza mafuta kutoka pipa lililokaa nje msimu mzima wa mvua, tukafyonza mpaka tone la mwisho.

Maji ni mazito kuliko dizeli, hivyo hukaa chini. Siku hizi pipa likihamishwa tunaliacha litulie usiku kucha, na mpira wa kufyonzea haugusi kitako. Kisha kila Jumamosi dereva anaweka chupa chini ya filta ya dizeli, analegeza koki ndogo, anabonyeza pampu ya mkono mpaka itoke dizeli safi, anakaza. Ni kazi ya dakika tano. Msisubiri taa ya onyo. Kwa magari ya umri huu mara nyingi imeshakufa.

Ukibadilisha filta, upepo huingia. Bonyeza pampu ya mkono mpaka iwe ngumu, ndipo upige stata. Usiku ule sisi tulipiga stata tu mpaka betri ikaisha. Na injini ikizunguka, msipitishe mkono kwenye bomba la nozeli linalovuja: dizeli yenye msukumo hupenya ngozi, na hilo ni jambo la hospitali.

Asubuhi za baridi gari likigoma, fungueni kile kipande cha chuma kinachounganisha hita plagi. Toeni waya kwenye chanya ya betri, upitie balbu ndogo, mguse plagi moja moja. Ambayo haiwashi balbu imekufa.

Mkanda wa taimingi tunamwachia fundi, kila kilomita 100,000. Ukikatika, valvu hugonga pistoni.

Wafadhili wetu hupenda kutoa gari, nasi tunapokea kwa furaha. Ila ombi la filta halijawahi kupata mfadhili hata mmoja. Mwaka huu tumeliandika tena, pamoja na mkanda. Kamati zenye gari la dizeli, tafadhali njooni na daftari la gari kwenye kikao kijacho, hata kama halijaandikwa kitu.