Rangi Zilizofichwa Kwenye CD

Msikilizaji wa Karatina, Nyeri au Nanyuki, huenda nyumbani mna CD kuukuu, labda ya nyimbo za Joseph Kamaru, mzaliwa wa Kangema. Usiitupe. Geuza upande usio na maandishi, uinamishe kidogo karibu na dirisha. Rangi za upinde wa mvua zitajitokeza, ingawa hakuna rangi iliyopakwa hapo.

Siri ni njia nyembamba ya data inayozunguka kutoka katikati hadi ukingoni. Kati ya mzunguko mmoja na unaofuata kuna mikroni 1.6 tu, yaani mistari 625 hivi katika milimita moja. Kila mstari huutawanya mwanga unaoupiga, kisha mawimbi hukutana. Yakipanda pamoja, mwanga hukolea. Moja likipanda jingine likishuka, hufifishana. Na kwa kuwa kila rangi ina urefu wake wa wimbi, kila moja hukolea kwenye pembe yake. Nyekundu, yenye wimbi refu, hutawanyika mbali kuliko zambarau.

Kwa mistari ya namna hii Mjerumani Joseph Fraunhofer alipima mawimbi ya mwanga miaka ya 1820, na wanaastronomia wangali wanatambua hivyo elementi zilizomo kwenye nyota.

Inaniuma somo hili likikaririwa tu. Walimu wa fizikia, ingieni darasani na CD, na DVD pia: mistari yake, yenye nafasi ya mikroni 0.74, hutawanya rangi zaidi. Tumieni mwanga wa dirishani au taa, kamwe si jua lenyewe, kwani huunguza macho.